Rangi ya Kucha Kwenye Shafti

Wiki iliyopita nilipeleka gari gereji, pale chini ya kilima cha Lubaga, kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa linalia. Mimi si mtu wa kungoja. Nikikalishwa benchi dakika kumi naanza kuhesabu misumari ya paa, na misumari ikiisha naanza kugombana na watu. Fundi, kijana mwenye ovaroli iliyochujuka, alirudisha gurudumu, akakaza nati zote kwa spana ndefu, halafu akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Akainama, ulimi nje, akaanza kupaka nati moja baada ya nyingine.

Harufu ikanifikia. Rangi ya kucha yenyewe hainibabaishi, naipita kila siku kwenye saluni za Wandegeya nikienda kazini. Lakini rangi ya kucha juu ya grisi ni harufu nyingine kabisa. Nilisimama. Nikazunguka gari, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena.

"Madam, subili kidogo, tunamariza," fundi aliniambia kwa ulimi wake wa Kiganda.

"Maliza tu, mwanangu. Si wewe."

Haikuwa yeye kweli. Ilikuwa nyumba yetu ya bati ya duara, kule kambini Luzira, saa nne asubuhi, jua limeshaichemsha, nami nina miaka tisa, nimeshika spana ndogo.

Baba alikuwa fundi wa injini za boti za askari wanaolinda ziwa. Mwacholi mrefu, mtu wa kanisa Jumapili na wa maneno machache siku zote. Mama alikuwa binti wa familia ya Kiislamu ya madukani, ambao wazee wao walifuata biashara kutoka pwani zamani sana, wakabaki. Walioana watu wakanung'unika pande zote mbili, kisha wakachoka kunung'unika. Kilichowaunganisha pale nyumbani ni Kiswahili. Mama alikinyonya. Baba alikiokota kwenye gwaride, kimejaa amri, na Mama hakumwacha apumue.

"Salma, leta ile kitu ya kukaza," Baba alikuwa akiniambia.

"Spana, Baba Salma. Na si ile kitu, ni kile kitu," Mama angedakia kutoka jikoni.

"Ikifika mkononi yangu, wewe iite vile unataka."

Mama alicheka kila mara. Wenzangu mliokulia kambini mtakumbuka jinsi sauti zilivyopita kwenye yale mabati: nyumba ya jirani ikikohoa, yenu inasema pole. Basi kicheko cha Mama kilikuwa kinasikika kambi nzima.

Halafu akafa Konstebo Otim.

Otim alikuwa jirani yetu, na Baba alikuwa naye siku ile. Walitoka mchana, watu wanne, injini nzima, mafuta tele. Wakarudi watatu. Nyote mliokaa karibu na bandari mnayajua magugu ya ziwani, yale majani mapana yenye maua ya zambarau ambayo asubuhi hayapo na jioni yameziba ghuba yote. Boti iliingia kwenye magugu, mizizi ikajisokota kwenye shafti, kile chuma kinachozungusha pangaboi la kusukuma boti, mpaka pangaboi likagoma, injini ikazima, na mawimbi yakawakuta hapo hapo wamekaa ubavu. Otim aliingia majini na panga akate magugu. Alikata kiasi, hakuibuka tena. Baba aliniambia hayo nilipokuwa mtu mzima. Wakati ule nilichoona ni jambo moja tu: askari wawili waliovaa sare zilizonyooshwa kwa pasi wakitembea polepole kwenda bombani, ambako mke wa Otim alikuwa akichota maji, na wanawake wote wakiacha mitungi yao ifurike.

Kuanzia siku ile nilikuwa nikiona sare iliyonyooshwa, naangalia inaelekea mlango gani.

Baba hakurudishwa kwenye boti. Walimweka getini, "kwa muda", asimame na bunduki afungue kizuizi na kufunga. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Lakini mtu aliyezoea kuwa na mikono ndani ya injini, ukimsimamisha getini unamwua taratibu. Alikuja nyumbani akawa hakai. Anazunguka kile kiduara chetu, anahamisha kiti, anakirudisha. Injini ikinguruma ziwani, shingo yake inageuka hata kama ana tonge mdomoni, na kabla boti haijaonekana anakuambia ni ipi na inaumwa wapi. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Salma, kaa, unanizungusha kichwa." Alikaa, na goti lake likaendelea kutembea.

Siku moja akaja na mfuko kutoka Wandegeya. Kule kwenye maduka ya kuchapisha wanafunzi wanachapisha mpaka mashine zinakufa, na zilizokufa zinarundikwa nyuma. Baba alikuwa ameruhusiwa kuzichambua. Akatandaza gazeti, akatoa mota mbili ndogo na vyuma vyembamba vilivyong'aa mpaka nikajiona pua.

"Hii itakuwa shafti," alisema, akikibingirisha kimoja mezani kuona kama kimenyooka. Kilienda bila kurukaruka hata kidogo. "Ona. Hii haina uongo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile boti. Urefu wake ni kama mkono wangu wa wakati ule, mbao nyembamba za sanduku la chai zilizopakwa gundi ile nzito ya kuzibia boti kubwa, iliyonuka mpaka Mama akahamishia jiko nje. Rimoti ilitoka kwenye gari la kuchezea lililokuwa limekanyagwa. Mimi, bila kuulizwa na mtu, nilijua kwamba ni yangu. Ilikuwa boti ya kuchezea, mtoto wa nyumba ile alikuwa mmoja, hesabu ikawa imekwisha.

Baba hakunikatalia, kwa sababu alinihitaji. Vidole vyake vilikuwa vinene, havikuingia tumboni mwa boti. Vyangu viliingia. Nilijifunza kila kitu kwa ncha za vidole. Shafti ilipita ndani ya mrija wa shaba uliotolewa kwenye friji mbovu, na mrija ukajazwa grisi yote, kwa sababu grisi ndiyo inayokataza maji kufuata shafti na kuingia ndani. Mara ya kwanza tuliujaza kidogo, na kwenye pipa la maji ya mvua boti ikanywa mpaka ikakaa matako chini. Kati ya mota na shafti tulifunga kipande cha mpira wa mafuta ya pikipiki. Mota ilikuwa imekaa juu kidogo kuliko shafti, basi ilipowaka boti yote ilitetemeka, meza ikatetemeka, vikombe vya Mama vikaanza kupiga kelele.

"Izime, Mtume wangu, izime!" Mama akapiga ukelele.

Baba akazima. Akaweka vipande vya kadibodi chini ya mota, akatoa kimoja, akaweka tena, siku tatu, mpaka ncha ya mota na ncha ya shafti zikatazamana sawasawa. Siku ilipowaka kimya kimya, ikabaki kuvuma tu, alinipiga kofi la mgongo nikakohoa.

Pangaboi alilikata kwa mkasi wa bati kutoka kwenye kitasa cha shaba, majani matatu. La kwanza lilikuwa kubwa mno, mota ikachemka haishikiki. Akalipunguza ncha. Likawa bado linavuta boti kushoto. Akausogeza usukani ukae nyuma yake hasa, pale maji yanaposukumwa kwa nguvu, boti ikatulia. Na mbele ya pangaboi, kwenye ile shafti, alifunga kitu ambacho sikukielewa: kisu. Wembe mfupi aliouchonga kutoka kwenye msumeno, unaozunguka pamoja na shafti ukipita karibu na jino jingine lililosimama.

"Ya nini, Baba?"

"Ya kukata."

"Kukata nini?"

Akaniambia nishike taa.

Sasa nifike kwenye rangi. Pangaboi lilijisokota kwenye uzi wa shafti, kama kifuniko cha chupa. Baba alinionyesha kwamba boti ikienda mbele, maji yenyewe yanalikaza pangaboi. Ikirudi nyuma, maji yanalifungua. Ndiyo maana kuna nati mbele yake, upande wa boti, ya kulibana lisiende popote. Nilikaza mimi ile nati, kwa spana ndogo, Baba akahakiki. Halafu akamwuliza Mama, "Ile rangi yako ya kucha, iko?"

Mama alikuwa na kichupa alichopewa na shangazi yake siku ya harusi, na tangu harusi hakijafunguliwa. Mama alikuwa mtu wa sala tano, na rangi ile ikikaa kwenye kucha maji hayapiti, udhu haushiki. Akakitoa sandukuni huku anashangaa. "Ya nini? Haipitishi maji hiyo."

"Haipitishi maji?" Baba akasema. "Basi ndiyo mimi nataka."

Wakacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu Otim. Baba akavuta mstari mmoja mwembamba mwekundu, kutoka kwenye nati mpaka kwenye pangaboi. Nikamwuliza kwa nini. Akanikonyeza. "Hata boti inataka kupendeza."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa msichana wa miaka tisa, boti ilikuwa yangu, na baba yangu ameipaka kucha kwa ajili yangu. Nilienda kuwatambia watoto wote wa kambi.

Ndoto yangu ilidumu siku mbili. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikisugua sufuria, Mama na Baba wakiwa ndani, na nimeshawaambia habari za yale mabati.

"Kwa hiyo Afande amekubali?" Mama alikuwa anauliza.

"Jumamosi. Atakuja kwa maji aone. Kama kisu inakata magugu, watafunga kwa boti zote. Na mimi narudi ziwani kufunga."

"Na kwenda nazo."

"Na kwenda nazo. Ni kazi yangu."

Mimi sufuria ilinitoka mkononi.

Kumbe haikuwa yangu. Hilo liliniuma, nisidanganye, nililia kwanza kwa ajili ya boti. Halafu ndipo yale mengine yakanifikia. Ziwani. Magugu. Sare mbili zilizopigwa pasi zikija bombani, na safari hii mwanamke mwenye mtungi ni Mama. Siku zile hadi Jumamosi sikukaa. Darasani mwalimu aliniuliza kama nina funza. Nilikuwa nikitoka shule naenda kwanza getini, namwona Baba amesimama na bunduki yake, mzima, mkavu, amechoka, nami nashukuru Mungu wa Mama na wa Baba kwa pamoja. Kwangu mimi geti lilikuwa mahali pazuri kuliko pote duniani. Kwamba linamla yeye, sikuliona. Niliona tu kwamba hakuna mawimbi.

Nikapanga mambo kwa akili zangu. Boti ikishindwa, nilijiambia, watasema boti ni mbovu. Baba atabaki alivyo. Boti haina aibu, haina mke, itawekwa kando basi. Sikujua kwamba kitu kikiharibika mbele ya wakubwa, kinachoharibika ni jina la aliyekileta.

Jumamosi saa nne asubuhi Baba alienda kuoga. Sare yake ilikuwa imening'inia mlangoni, imepigwa pasi. Nadhani ni ile sare iliyonimaliza. Mama alikuwa nje anaanika. Boti ilikuwa mezani, tumbo juu. Nikachukua spana ndogo, nikaishika nati niliyoikaza mwenyewe, nikavuta. Ilikataa. Nikavuta tena, na rangi ikapasuka, kikakatika kitu kidogo, tik, nati ikalegea. Nikaizungusha kidogo kwa kidole, iachane na pangaboi, basi. Kipande cha rangi kilibaki kwenye kidole gumba changu. Niliona mstari umekatika, nikafikiri, si kitu, ni mapambo tu. Nikakificha kidole kwenye ngumi.

Tulienda majini kwa miguu, Baba mbele na boti kifuani kama mtoto mchanga, mimi nyuma na rimoti. Afande alikuwa pale na maofisa wachache, na wenzake Baba wa boti wamejipanga wanatabasamu, maana walimpenda. Magugu yalikuwa yamejaa ukingoni, mazito. Baba akaiweka boti chini, akachukua rimoti, akanitazama.

"Tayari, fundi?"

Nikaitika kwa kichwa.

Ikaenda. Nawaambia ilienda! Ikaingia kwenye magugu ikivuma, nyuma yake majani yaliyokatwakatwa yanaruka, mizizi inatoka vipande vipande, ikapasua njia, ikatokea upande wa pili kwenye maji meupe. Wenzake wakapiga kelele. Mmoja akavua kofia. Afande akasema, "Heeh! Imekata!" Na Baba, yule mtu wa maneno machache, alikuwa anacheka kwa sauti, meno yote nje, na mimi, niliyekuwa nimesahau kabisa nilichofanya, nilikuwa narukaruka pale kando yake. Nilifikiri kazi yangu imeshindwa. Nilifurahi imeshindwa. Kwa dakika ile moja nilitaka tu aendelee kucheka.

"Vizuri sana," Afande akasema. "Hebu irudishe nyuma. Mtu akinaswa lazima aweze kurudi nyuma."

Baba akavuta kijiti cha rimoti.

Boti ikarudi kidogo, ikaongeza kelele, ile kelele ya mota inayozunguka bila kazi, ikasimama. Ikaanza kuyumba pale, upepo ukaisukuma ubavu ubavu mpaka kwenye magugu. Pangaboi lilikuwa limejifungua na kuzama. Ofisa mmoja akakohoa.

Baba aliingia majini na buti zake na sare yake ya pasi, maji yakamfika mapajani, akaifuata. Akaigeuza. Alisimama pale anaangalia nyuma yake, ile nati iliyobaki kwenye shafti, akaipangusa kwa kidole, akaiangalia tena. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kwamba pangaboi halipo. Kisha akatoka, akasimama mguu pande mguu sawa, maji yanamchuruzika.

"Kosa ni langu, Afande. Sikukaza."

Afande alimshika bega, akamwambia kitu karibu na sikio, sikukisikia. Nilidhani anamfukuza. Wenzake waliondoka mmoja mmoja bila kututazama. Tulirudi nyumbani buti za Baba zikisema chwaka, chwaka. Niliomba anipige. Nilimwomba Mungu kabisa, anipige, iishe.

Hakunipiga. Siku ya pili yake alikata pangaboi jingine. Aliporudi kutoka kanisani akaliweka mezani, na boti, na spana ndogo, akaniita.

"Funga."

Nikalifunga pangaboi. Nikairudisha nati.

"Kaza."

"Baba, ikikazwa utaenda ziwani?"

"Wewe kaza tu."

Nikaishika spana, nikavuta, na machozi yakaanza kunitoka, nikaacha. Nikamwambia nimemaliza. Baba akanyoosha kidole chake kile kinene, akakiweka kwenye nati. Akaniangalia. "Sawa," akasema. Akaichukua boti, akaiweka juu ya kabati. Hakupaka rangi. Hakuishusha tena, wala hakwenda tena ziwani. Alifungua na kufunga geti miaka yote iliyobaki mpaka alipostaafu, na mimi miaka yote hiyo nilibeba siri yangu nikiamini ni yangu peke yangu. Nilimnyang'anya baba yangu kazi aliyoipenda, na yeye anadhani alisahau kukaza nati. Ndivyo nilivyoamini. Ndiyo maana sikai, ndiyo maana nagombana na watu kwenye mabenchi.

Basi pale gereji, fundi alipofunga kichupa chake, nikamwuliza, kwa kupitisha muda tu: "Unazipaka kwa nini? Urembo?"

Alinicheka. "Urembo wapi, Madam! Ni alama. Mstari ukiwa mzima, najua nati iko vile niliacha. Ukikatika, najua kuna mtu amefungua. Hata akirudisha, naona tu. Mafundi wote wanajua hiyo."

Mafundi wote. Nilimlipa, sikungoja chenji, nikaingia garini.

Ukitaka kumtesa mtu asiyejua kungoja, mpitishe katikati ya Kampala mchana kutoka Lubaga hadi Luzira. Nilipiga honi kwa watu wasio na hatia. Siku ile majini alisimama anaiangalia nati. Aliona. Aliona mstari umekatika, na spana ndogo ilikuwa moja nyumbani, na mikono iliyojua kuitumia ilikuwa jozi mbili tu. Ee Mola. Niliendesha nikiongea peke yangu kama kichaa.

Wazazi wangu wamepanga nyumba ndogo karibu na kambi ya zamani, maana Baba alikataa kukaa mahali ambapo hasikii injini. Mama alikuwa ndani anasali alasiri. Baba alikuwa barazani, amefungua pampu ya maji ya jirani, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, Baba. Ile nati."

Hakuuliza nati gani. Hata hakuinua kichwa. "Marahaba. Kaa chini kwanza."

"Sikai. Ulijua?"

"Rangi ilikuwa imekatika." Akapuliza uchafu kwenye bushi ya pampu. "Na kidole yako ilikuwa nyekundu. Njia nzima kwenda majini ulikuwa umekunja ngumi, ulipoanza kuruka ukaikunjua."

Nilikaa.

"Kwa nini ulisema kosa ni lako?"

"Ningesema nini? Mtoto yangu amefungua?" Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Afande mwenyewe hakukasirika. Alisema kisu imefanya kazi, watu wote wameona. Alisema, nenda kaze vizuri, rudi Jumamosi ingine."

"Alikwambia urudi?"

"Ndiyo."

"Na hukurudi."

"Nilikupa spana, Salma. Nilisema moyoni, kama akikaza mwenyewe, naenda. Nikaweka kidole." Akakizungusha kile kidole hewani. "Ikazunguka. Nikajua bado hutaki niende."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa msamaha wake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Miaka yote ile getini haikuwa mimi niliyempokonya. Alinipa. Alijua anachokitoa, akakitoa kwa sababu ya nati ambayo mtoto ameshindwa kuikaza, na kila boti iliyopita iligeuza shingo yake, na hakuwahi kunitazama vibaya hata siku moja.

"Na kisu? Na Otim?"

"Nilimpa mchoro yule fundi aliyekuja baada yangu. Sikuuliza alifanya nini nayo." Akainuka, magoti yakalia. "Hiyo inaniuma mpaka leo. Nisikudanganye."

Akaingia ndani. Nilimsikia Mama, amemaliza sala, akimwuliza anatafuta nini juu ya kabati na mgongo wake huo. Akatoka na boti. Rangi ya mbao imekufa, vumbi limelala kwenye usukani, kisu kimeshika kutu, lakini shafti bado inang'aa kidogo pale inapoingia kwenye mrija, kwa grisi niliyoipakia kwa vidole vyangu. Akaigeuza tumbo juu mapajani mwangu. Nikaweka kidole kwenye nati. Ikazunguka.

Mama alisimama mlangoni, kanga ya sala bado kichwani, na kichupa chake mkononi, akikitikisa karibu na sikio. Kimekauka, akasema, lakini kuna kingine dukani hapo, atamtuma mtoto wa jirani. Baba akachukua spana ndogo kutoka kwenye vyombo vya pampu, akanipa.

"Kaza," akasema. "Safari hii siendi popote."